Bustani ya Mboga Mwanzoni mwa Machipuko: Mwongozo wa Kazi Hatua kwa Hatua

Mwanzo wa machipuko humjaribu mtu mwenye bustani ya mboga kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu hamu ya kuanza kazi hufika kabla ya kazi yenyewe kuiva. Baada ya miezi ya baridi, jua la siku mbili tatu linatosha kumfanya mtu ashike jembe, alime tuta zima na kusia kila mbegu aliyonayo. Wiki mbili baadaye hukuta mbegu zimeoza, miche michache iliyoota imeungua kwa baridi, na udongo umekuwa mabonge magumu ambayo yatamsumbua hadi mavuno. Mwongozo huu unahusu bustani zilizo katika maeneo yenye majira manne, ambako ardhi hupoa sana au huganda wakati wa baridi, na unafuata kanuni moja tangu mwanzo: ruhusa ya kuanza hutolewa na udongo. Kalenda na joto la hewa ni vidokezo tu, na mara nyingi hudanganya.

Ijue tarehe ya jalidi ya mwisho

Jalidi ni unyevu wa hewa unaoganda juu ya majani joto linaposhuka hadi nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake. Maji yaliyomo ndani ya mmea laini nayo huganda, seli zake huharibika, na jua linapochomoza majani hulegea na kuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Njegere, spinachi, vitunguu na jamii ya kabichi huvumilia jalidi nyepesi, ilhali nyanya, pilipili hoho, biringanya, maharagwe, matango na maboga yanaweza kufa yote kwa usiku mmoja.

Kila eneo lina tarehe ya wastani ya jalidi ya mwisho, ambayo hukokotolewa kutokana na kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi. Itafute tarehe hiyo na uiandike mahali utakapoiona kila siku, kwa kuwa ratiba yote ya kusia mbegu huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Kumbuka tu kwamba wastani ni wastani: upo mwaka ambao jalidi itakuja siku 10 au zaidi baada ya tarehe hiyo, na kwa sababu hiyo mimea laini hupewa wiki moja au mbili za ziada kabla ya kutolewa nje.

Bustani yako pia ina tabia zake. Hewa baridi ni nzito kuliko yenye joto, hivyo usiku hutiririka kuelekea mabondeni na kutuama nyuma ya ua au ukuta ulio upande wa chini wa mteremko. Tuta lililo karibu na ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa linaweza kuwa tayari siku kadhaa kabla ya tuta lililo upande wa chini wa bustani hiyohiyo. Zunguka bustani yako asubuhi ya jalidi ukatazame pale ambapo weupe unakawia kuyeyuka: hapo ndipo pa kupanda mwishoni.

Upime udongo kabla ya kuugusa kwa jembe

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko nyingine zote, na inachukua dakika mbili. Chimba kwa mkono hadi kina cha sentimita 10, chota udongo wa kujaza kiganja, uufinyange uwe donge, kisha ulibonyeze donge hilo kwa kidole gumba. Likivunjikavunjika na kuwa chembechembe, udongo uko tayari. Likibonyea kama unga uliokandwa, au likiacha maji yanayong'aa kiganjani, rudisha jembe stoo na ungoje siku nne au tano kabla ya kupima tena.

Sababu yake ni hii. Udongo wenye afya una vitundu vidogo vingi, na karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi za hewa na maji ambazo mizizi hupita na kupumulia. Udongo ulioloa ukilimwa au kukanyagwa, chembe zake husogeleana na kugandamana, nafasi hizo hufungika, na unapokauka huwa kama tofali. Udongo wa mfinyanzi huumia zaidi, na madhara yake huweza kudumu msimu mzima au hata kupita. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi, kwa hiyo mwenye nao anaweza kuanza mapema kwa wiki mbili au zaidi. Ikiwa ni lazima kuingia bustanini kabla ya udongo kukauka, tandika ubao mpana ukanyage juu yake ili uzito wako usambae.

Baada ya unyevu, pima joto. Nunua kipimajoto cha udongo, au tumia kipimajoto chochote chenye ncha ndefu ya chuma, ukichomeke hadi sentimita 5 au 10 kila asubuhi kwa siku tatu au nne mfululizo, kwa sababu kipimo cha mchana mmoja wenye jua hakina maana yoyote. Mbegu za spinachi, saladi, njegere na vitunguu huanza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 hivi, ingawa kwa kusuasua; zikifika nyuzi 8 hadi 10, huota kwa nguvu. Karoti na kabichi nazo hufanya vizuri zaidi kuanzia nyuzi 8. Viazi mviringo hutaka nyuzi 7 hadi 10. Maharagwe na matango yasiguse ardhi kabla ya nyuzi 15 au 16, kwa kuwa mbegu zake hufyonza maji baridi, huvimba, na kuoza zikiwa bado zimelala.

Unaweza kuuharakisha udongo bila kuudhuru. Sogeza kando matandazo ya majani makavu au nyasi yaliyofunika tuta wakati wa baridi, kwa sababu matandazo huzuia joto la jua lisiingie ardhini kama vile yalivyozuia baridi. Kisha funika tuta kwa karatasi ya plastiki kwa wiki mbili au tatu, ukibana kingo zake kwa mawe. Plastiki huzuia mvua, na hilo lina faida kubwa, kwani maji huhitaji joto jingi zaidi kuliko chembe za udongo ili yapate moto, na ndiyo maana udongo uliolowana hubaki wa baridi hata siku ya jua kali. Matuta yaliyoinuliwa hupata joto mapema kwa sababu hiyohiyo: maji huchuja upesi. Ukijenga tuta jipya, upana wake usizidi mita 1.2, ili uweze kufika katikati ukiwa pande zote mbili bila kulikanyaga kamwe.

Kazi za kufanya huku ukingoja

Siku za kungoja zina kazi zake. Ondoa mabaki ya mazao ya mwaka uliopita, hasa mabua ya kabichi yaliyosimama, kwa sababu vidukari na nzi weupe hujificha humo wakati wa baridi na kuhamia kwenye miche mipya. Mabaki yenye dalili za ugonjwa usiyatupe kwenye biwi la mboji isipokuwa una hakika kwamba biwi lako hupata joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa. Mabiwi mengi ya nyumbani hayafiki hapo. Mashina makavu yenye uwazi ndani, kama yale ya maua yaliyo pembezoni mwa bustani, yaache hadi siku zipate joto la kutosha, maana nyuki wapweke wasioishi mizingani hulala ndani yake, na nyuki hao husaidia kuchavusha maua ya bustani yako.

Magugu ya kudumu, yenye mizizi mirefu ya kutambaa, hung'oka kwa urahisi zaidi sasa kuliko wakati wowote mwingine. Tumia jembe la meno, uinue udongo taratibu na kufuata kila mzizi hadi mwisho wake, kwa kuwa kipande cha sentimita 2 kinatosha kuzaa gugu jipya. Jembe la kawaida hukata mizizi hiyo vipandevipande na kuizidisha.

Noa majembe na makoleo kwa tupa, paka mafuta ya kitani kwenye mipini ya mbao, na safisha trei na vyungu vya miche. Viloweke kwa dakika 10 katika maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, kisha uvisuuze vizuri. Watu wengi hupuuza usafishaji huu, na wengi wao ndio hao hulalamika baadaye kwamba miche yao huanguka bila sababu.

Huu pia ni wakati wa kujaribu mbegu za zamani. Mbegu za vitunguu na liki hudhoofika baada ya mwaka mmoja au miwili. Za karoti, njegere na maharagwe hudumu kama miaka mitatu. Za nyanya na kabichi kama minne. Za matango hufika hata mitano zikihifadhiwa mahali pakavu na baridi. Panga mbegu 10 juu ya karatasi laini iliyoloweshwa, ikunje, itie ndani ya mfuko wa plastiki na uiweke mahali penye joto. Baada ya siku 10 hesabu zilizoota. Zikiwa 7 au zaidi, sia ukizidisha kidogo. Zikiwa chini ya 5, nunua mpya, kwa sababu hata hizo chache zilizoota zitatoa miche dhaifu.

Mboji, samadi na chokaa

Udongo ukishakuwa tayari, tandaza mboji iliyoiva kwa unene wa sentimita 3 hadi 5 juu ya tuta. Mboji iliyoiva ina rangi nyeusi, hunukia kama msitu baada ya mvua, na huwezi tena kutambua ilitokana na nini. Hakuna ulazima wa kuichimbia chini. Ukiichanganya na sentimita chache za juu kwa reki, minyoo watafanya kazi iliyobaki, na mpangilio wa tabaka za udongo hautavurugwa. Mimi ni mwumini wa kulima kidogo kadiri inavyowezekana: mahali palipogandamana ninachomeka jembe la meno na kulitikisa mbele na nyuma ili hewa iingie, bila kuupindua udongo juu chini.

Samadi mbichi ni jambo la kuwa nalo makini. Inaweza kuunguza mizizi, na inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mlaji. Kanuni inayotumika katika kilimo-hai cha Marekani hutaka zipite angalau siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao ambayo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo, kama karoti na saladi, na siku 90 kwa mazao yasiyogusa udongo. Kwa kuwa saladi na figili za machipuko huvunwa muda mrefu kabla ya siku hizo kutimia, samadi mbichi haina nafasi kwenye matuta hayo. Tumia iliyooza kabisa.

Mboga nyingi hupenda udongo wenye kipimo cha uchachu, yaani pH, kati ya 6.0 na 7.0. Chokaa ya kilimo hupunguza uchachu, lakini hufanya kazi polepole kwa miezi, na kuiweka bila kupima kwanza ni kubahatisha. Majivu ya kuni hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi, hivyo yanyunyizwe kwa uchache sana, na yasikaribie kabisa tuta la viazi, kwa sababu udongo usio na uchachu huzidisha ugonjwa wa ukoko unaoharibu maganda ya viazi.

Kabla ya kupanda chochote, chora ramani ya matuta na kuandika kilichokuwa wapi mwaka uliopita. Jamii moja ya mimea isirudi mahali pale pale kabla ya miaka mitatu au minne. Nyanya, viazi, pilipili hoho na biringanya ni jamii moja; kabichi, brokoli, figili na tanipu ni nyingine; na zote hushiriki magonjwa ya ndugu zao. Kimelea kinachosababisha uvimbe wa mizizi ya kabichi huweza kukaa ardhini kwa zaidi ya miaka 10, jambo linaloonyesha kwa nini ramani hiyo inafaa kuhifadhiwa.

Kusia mbegu ndani ya nyumba

Sasa irudie tarehe ya jalidi na uhesabu kurudi nyuma. Vitunguu na liki husiwa wiki 10 hadi 12 kabla yake. Pilipili hoho na biringanya wiki 8 hadi 10. Nyanya wiki 6 hadi 8. Matango na maboga wiki 3 au 4 tu, kwa kuwa hukua haraka na huchukia kuguswa mizizi. Kabichi na brokoli zisie wiki 8 hivi kabla ya tarehe hiyo, kwa sababu miche yake itahamia nje mapema, wiki mbili hadi nne kabla ya jalidi ya mwisho. Usishawishike kuwahi zaidi ya hapo. Mche wa nyanya uliosiwa mapema mno na kukaa chunguni hadi kudumaa hupitwa na mche mdogo uliopandwa ukiwa na nguvu.

Usitumie udongo wa bustani katika trei. Hugandamana, hushika maji kupita kiasi, na huja na vimelea. Tumia mchanganyiko mwepesi maalumu wa kuoteshea mbegu, au uchanganye mwenyewe mboji laini iliyochekechwa na vumbi la makumbi ya nazi. Uloweshe kwanza hadi uwe kama sifongo iliyokamuliwa, ujaze trei, kisha uzike mbegu kwa kina cha mara mbili ya unene wake. Mbegu za saladi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zibonyeze tu juu ya udongo bila kuzifunika, au uzinyunyizie vumbi la udongo kidogo sana.

Ili kuota, nyanya hutaka joto la nyuzi 20 hadi 25, na pilipili hoho nyuzi 25 au zaidi kidogo. Lakini siku ya kwanza utakayoona kijani, mahitaji hubadilika ghafla: sasa miche inataka mwanga mwingi na joto la chini, nyuzi 16 hadi 18. Hapa ndipo wengi hupoteza miche yao, kwa kuiacha mahali palepale penye joto na mwanga hafifu, ikarefuka kwa siku mbili ikiutafuta mwanga, na shina likawa jembamba kama uzi. Mche uliorefuka namna hiyo haurudi kuwa imara. Dirisha lenye jua linaweza kutosha ikiwa trei inageuzwa kila siku. Penye mawingu mengi, weka taa sentimita 5 hadi 10 juu ya miche kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, ukiipandisha kadiri miche inavyokua.

Adui mkuu wa hatua hii ni kinyaushi, ugonjwa unaosababishwa na vimelea vya ukungu wanaoishi katika udongo uliolowana. Shina huwa jembamba na kunywea pale linapogusana na udongo, mche unalala chini, na kesho yake jirani zake wamelala pia. Mche uliokwisha kushikwa hauna tiba. Kinga yake ni kumwagilia kwa kuweka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unyonye kutoka chini, kuacha uso wa udongo ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, kusia kwa nafasi, na kuiacha hewa ipite. Ondoa kifuniko cha plastiki mara mbegu zinapoota.

Majani mawili ya kwanza ni majani ya mbegu. Jozi inayofuata, yenye umbo halisi la mmea, ikitokeza, hamishia kila mche kwenye chungu chake. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina: jani likichanika mche utaotesha lingine, lakini shina likipondeka mche umekwisha. Baada ya wiki moja anza kuupa mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kusia na kupanda nje: mazao ya kwanza

Kama una subira ya wiki mbili zaidi, ifanyie tuta hila hii kabla ya kusia mbegu ndogo kama za karoti. Lisawazishe kwa reki kana kwamba unasia leo, kisha liache. Mbegu za magugu zilizo karibu na uso zitaota, na zikiwa bado na majani mawili tu, pitisha jembe la palizi juujuu, kina kisichozidi sentimita 2, asubuhi ya jua. Usichimbe zaidi, la sivyo utaamsha mbegu nyingine zilizolala chini. Ndipo usie zako. Palizi utakayoiepuka kwa njia hii ni ile ngumu kuliko zote, ya kupalilia kwa vidole katikati ya miche midogo inayofanana na magugu.

Njegere ndizo za kutangulia. Zizike kwa kina cha sentimita 3, mbegu hadi mbegu sentimita 5, na usimike fito za kutambalia siku hiyohiyo, kwa sababu kuzisimika baadaye kutakata mizizi. Spinachi huenda kina cha sentimita 1 hivi. Figili huvunwa siku 25 hadi 30 tangu kusiwa, kwa hiyo inafaa kusiwa kidogokidogo kila baada ya siku 10 badala ya zote kwa pamoja, saladi vilevile.

Karoti huhitaji maelezo zaidi kwa kuwa huwavunja watu moyo. Mbegu zake ni ndogo, huzikwa kwa nusu sentimita tu, na katika udongo wa baridi huchukua wiki mbili hadi tatu au hata zaidi kuota. Katika muda huo wote uso wa udongo haupaswi kukauka, maana gamba jembamba likijitengeneza juu, mche mwororo hauwezi kulitoboa. Baada ya kusia na kumwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, funika mstari kwa ubao au gunia lililoloweshwa, na kuanzia siku ya saba uchungulie chini yake kila siku. Ukiona hata mche mmoja umetokeza, ondoa kifuniko jioni hiyo. Kuchanganya mbegu chache za figili ndani ya mstari wa karoti husaidia pia: figili huota ndani ya siku chache, huonyesha mstari ulipo, hulegeza udongo, na huvunwa kabla karoti hazijahitaji nafasi. Miche ikisongamana, ipunguze kwa kuikata na mkasi usawa wa udongo badala ya kuing'oa, ili mizizi ya ile inayobaki isitikiswe. Karoti zisihamishwe kamwe, kwani mzizi mkuu ukikatika ncha huota matawi.

Vitunguu vidogo vya kupanda hupandwa kwa umbali wa sentimita 10, ncha ikionekana kwa shida juu ya udongo. Vitunguu saumu vilivyopandwa kabla ya baridi huanza kukua upya wakati huu, na huhitaji mbolea yenye naitrojeni sasa, wakati wa kujenga majani, kwa kuwa idadi na ukubwa wa majani ndio huamua ukubwa wa kitunguu.

Viazi mviringo huandaliwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kupandwa. Chagua viazi vya mbegu vilivyothibitishwa kuwa havina magonjwa, kwa sababu viazi vya kula vinaweza kubeba virusi visivyoonekana. Vipange kwenye trei, upande wenye macho mengi ukitazama juu, mahali penye mwanga na ubaridi wa nyuzi 10 hivi, hadi vitoe machipukizi mafupi, manene, ya kijani iliyokolea. Gizani machipukizi huwa marefu, meupe na rahisi kuvunjika. Udongo ukifika nyuzi 8, uvipande kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi, na sentimita 70 kati ya mstari na mstari. Machipukizi yakitokeza kabla jalidi haijaisha, yafunike kwa kuyapandishia udongo. Ni kazi ambayo ungeifanya hata hivyo.

Kuhusu wadudu, mambo mawili yanatosha kwa sasa. Sota, yaani viwavi wanaoishi udongoni, hukata mashina ya miche ya kabichi usiku usawa wa udongo, na huzuiwa kwa kuzungushia kila mche kipande cha karatasi ngumu kilichozikwa sentimita 2 hadi 3. Konokono na koa hutafutwa kwa tochi baada ya mvua, au huwekewa kipande cha ubao ambacho hujificha chini yake, nawe ukakigeuza asubuhi na kuwaondoa.

Kuikomaza miche na kuilinda usiku

Mche uliolelewa ndani haujui upepo wala jua kali. Majani yake ni laini na yenye ngozi nyembamba, na ukitolewa nje kwa ghafla hubabuka na kuwa meupe. Kwa siku 7 hadi 10, uzoeshe hatua kwa hatua: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini pasipo na upepo, kisha uongeze muda na jua kila siku, na siku mbili tatu za mwisho mche ulale nje ikiwa hapatakuwa na jalidi. Punguza maji kidogo katika kipindi hiki, bila kuacha mche ukanyauka. Kabichi na brokoli zilizokomazwa hivi hupandwa sentimita 45 kati ya mche na mche, jioni au siku ya mawingu, na kumwagiliwa papo hapo.

Jifunze kuzitambua jioni za hatari. Anga likiwa halina wingu hata moja, upepo ukitulia jua linapozama, na joto likishuka upesi mapema jioni, tarajia jalidi. Mawingu hufanya kazi ya blanketi kwa kurudisha joto linalotoka ardhini, na anga tupu huliacha lipotee. Funika mimea kabla ya giza kuingia, wakati ardhi bado ina joto la mchana, kwa kitambaa chepesi kinachofika hadi chini pande zote na kubanwa kwa mawe. Shuka kuukuu linafaa. Kitambaa hukusanya joto linalopanda kutoka ardhini, hivyo kukifunga juu ya mmea kama mfuko na kuacha chini wazi hakusaidii. Plastiki ikitumika, iinuliwe kwa fito isiguse majani, kwani jani linaloigusa huganda. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana vizuri zaidi kuliko mkavu, kwa hiyo kama tuta limekauka, limwagilie mapema mchana huo. Asubuhi, joto likipanda juu ya nyuzi 0, funua, hasa palipofunikwa kwa plastiki, maana jua la asubuhi huunguza mimea iliyo chini yake kwa muda mfupi.

Nyanya zingoje hadi udongo ufike nyuzi 15 na usiku usishuke chini ya nyuzi 10. Siku hiyo ikifika, pogoa majani ya chini, uzike sehemu kubwa ya shina, nalo litatoa mizizi mipya pale lilipozikwa.